Haiba si Sura

Nina ugomvi na neno haiba, na ugomvi wenyewe ulianzia mchezoni.

Hapa Nshamba, vijana wanne nami hukutana Jumapili alasiri kucheza mchezo wa mezani ambao kila mmoja hubuni mhusika wake, humsemea, kisha hutupa dadu kuamua kama alilojaribu limefaulu. Asili yake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974. Mhusika hupimwa kwa sifa sita. Tano tulizitafsiri upesi: nguvu, akili, busara, wepesi, ustahimilivu. Ya sita, charisma, tukaiita haiba. Hapo tukajikwaa.

Mmoja aliandika kwamba mhusika wake ni mrembo kupindukia, akadai nyongeza alipokuwa akipatana bei ya kahawa na mchuuzi. Nami, niliyekuwa mwamuzi, nikampa. Mwenzake, mwenye kigugumizi, alikuwa amebuni mzee mwenye kovu usoni na haiba ya 16 kati ya 18. Alipotaka mzee huyo awatulize askari, wenzake wakacheka: kwa uso huo, haiba ya wapi? Nami nikacheka nao. Cheko hilo bado linanisuta.

Kosa lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la kanuni. Haiba imetoka katika Kiarabu, ambako ni ile hofu yenye heshima ambayo mtu huitia mioyoni mwa wengine. Katika Kiswahili neno limelainika: tukisikia fulani ana haiba, wengi wetu huona sura, umbo na mavazi. Charisma nalo chimbuko lake ni Kiyunani, kipawa kitolewacho bure, na Biblia zetu huliita karama. Karama ingefaa, ila mezani petu wamo Wakristo na Waislamu, na kwa wote neno hilo lina harufu ya ibada. Sikutaka kulitupia dadu.

Wenye mchezo nao walihangaika. Katika kanuni za 1974, charisma iliamua idadi ya watumishi ambao mhusika angeweza kuwavuta. Iliamua pia kama mchawi wa kike aliyemteka atamgeuza nguruwe au atamfanya mpenzi. Sura ilikwisha kujipenyeza! Mwaka 1985 kitabu cha Unearthed Arcana kikaongeza sifa ya saba, uzuri wa sura peke yake. Toleo la pili la mwaka 1989 likaiacha. Toleo la tano, la 2014, huweka chini ya charisma stadi nne: kushawishi, kudanganya, kutumbuiza na kutisha. Anayetisha ana haja gani na urembo?

Na anayetumbuiza? Sisi wa Ihangiro hatuna haja ya kwenda mbali. Mpiga enanga (si nanga ya meli, bali ala ya nyuzi iliyochongwa kwa mti mfano wa hori) huketi akaghani tendi za Wahaya, zile ambazo Profesa Mulokozi alizitafiti katika tasnifu yake ya mwaka 1986. Sijapata kusikia mtu akitoka hapo akiisifu pua ya mghani.

Sisemi sura haina nguvu. Inayo, lakini imo machoni mwa mtazamaji. Kovu lile lile humtia mchuuzi wasiwasi, na humfanya askari mkongwe asogee ampishe mwenzake kitini. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi haiwezi kujua ni nani atakayetazama. Kwa hiyo sasa sura tunaieleza kwa maneno tu, na mwamuzi hupima kila mara nani anaiona. Haiba tumeirudishia uzito wake wa kale. Wala simdai mchezaji ufasaha wake mwenyewe. Mwenye mhusika shujaa hatumwambii anyanyue jiwe la kusagia ndipo tuamini nguvu zake. Kwa nini mwenye kigugumizi atoe hotuba?

Jumapili iliyopita nilimrudisha yule kijana mbele ya askari wale wale. Akaeleza, kwa kusitasita, alichotaka mzee wake awaambie. Tukanyamaza mpaka akamaliza. Akatupa dadu, ikatoka 2. Askari hawakutulia hata kidogo, na yeye ndiye aliyecheka kuliko sote.