Jimu za Kioo Zinawafungia Nje Wasioona



Wengi wetu tulio huku Marekani tuna ndoto ya kusafirisha mashine za mazoezi na kufungua jimu Tanzania. Ni biashara nzuri. Ila tuulizane: asiyeona akiingia humo, atafanyaje?

Tusidhani Wamarekani wamelimaliza suala hili. Viwango vya majengo vya 2010, vilivyotokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, vinataka angalau mashine moja ya kila aina iwe na nafasi ya sakafu ili mwenye kiti cha magurudumu aifikie. Vizuri. Lakini havidai kitufe cha kupapasa. Hivyo mashine ya kukimbilia yenye kioo kitupu inapita bila kuulizwa. Anayeona anagusa picha. Asiyeona anagusa kioo laini. Kasi haijui, pa kusimamishia hapajui. Kilichomzuia hapo ni macho yake, au ni aliyebuni mashine?

Watakuwepo wa kusema nyumbani tuna shida kubwa zaidi, na kwamba wasioona hawana haja ya jimu. Huko ni kuwaamulia watu. Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Mwaka 2000, kule Sydney, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 katika Paralimpiki, na mwongozaji wake ndiye aliyeishiwa nguvu njiani! Tena Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja michezo waziwazi.

Yanayotakiwa si makubwa. Njia ya kupita iwe wazi, na vyuma virudishwe mahali pake. Mashine zisihamishwe ovyo, maana mwenzetu amezikariri. Vitufe viwe vya kupapasika, uzito uandikwe kwa nukta nundu na kwa namba kubwa zenye rangi ya kukoza. Mkufunzi aseme "kulia kwako", si "pale".

Kabla hujalipia kontena, kaa na Chama cha Wasioona Tanzania, uwasikilize. Kurekebisha mchoro ni kazi ya kalamu. Kurekebisha jengo ni kazi ya nyundo na fedha.