Utafiti Wetu Usiongozwe Kutoka London

Kijana wetu akishavua joho la shahada ya uzamivu katika sayansi au uhandisi, na akataka kuendelea na utafiti, huambiwa: andika barua Ulaya. Kasumba hii haina budi kupigwa vita.

Maswali ya sayansi yamejaa Kagera. Mnyauko wa bakteria uliripotiwa migombani Muleba mwaka 2006. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba Bukoba. Vijijini Muleba ndiko vilikojaribiwa vyandarua vya kushinda usugu wa mbu, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Mbu walikuwa wetu, watoto waliopimwa walikuwa wetu, wataalamu wetu walishiriki. Lakini uongozi ulitoka London.

Wapo watakaodai Taifa halina fedha. Je, kumsomesha mtu kwa jasho la mkulima wa kahawa, kisha kumwacha bila maabara, si ufujaji mkubwa zaidi?

Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, itenge nafasi za utafiti baada ya uzamivu katika kituo cha Maruku, Bukoba. Wageni waje kushirikiana nasi, si kufikiri kwa niaba yetu.