Kampuni haiogopi kura. Serikali je?

Vijana wenzangu wa vijiweni, tangu ubinafsishaji uanze miaka ya 1990 tumeimbiwa wimbo mmoja: serikali ni mzigo, kampuni ndiyo dawa. Eti kampuni ikiboronga itakimbiwa na wateja, kwa hiyo lazima itatuheshimu. Tuulizane: mteja wa maji ya bomba Dar es Salaam atakimbilia wapi? Kwa muuza madumu?

Tuitazame City Water. Mwaka 2003 serikali ya CCM iliikabidhi kampuni hiyo, mali ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nyumbani, maji ya jiji kwa mkataba wa miaka 10. Benki ya Dunia ilitaka hivyo. Lilikuwa sharti la kusamehewa madeni. Mlalahoi wa Manzese hakuulizwa. Bomba likaendelea kukohoa upepo, ankara zikaendelea kuja.

Mei 2005 Waziri wa Maji, Edward Lowassa, akatangaza kuvunja mkataba. Juni wakubwa watatu wa kampuni wakatimuliwa nchini. Uzalendo? Labda. Lakini uchaguzi mkuu ulikuwa umepangwa Oktoba mwaka huo huo. Kura ilikuwa inabisha hodi!

Kampuni haikwenda Manzese kujieleza. Ilikwenda Washington, kwenye kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia ile ile. Julai 2008 wasuluhishi wakasema serikali ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, ila isilipe fidia hata senti. Katika kesi hiyo mwenye dumu hakuwa mdai wala mdaiwa.

Jibu basi ni hili. Kampuni inawajibika kwa wenye hisa, na wewe hisa huna. Serikali inawajibika kwako, lakini pale tu inapoogopa kushindwa. Chama chenye uhakika wa ushindi kabla kura hazijapigwa hakina tofauti na kampuni isiyo na mshindani: vyote vinamhudumia mtu asiye na pa kwenda.

Kwa hiyo tusibishane nani bwana mwema. Tudai mikataba isomwe hadharani kabla ya kutiwa saini. Jiandikishe, piga kura, kisha ilinde. Pilau na fulana za kampeni ni za siku moja; mkataba ni wa miaka 10.