Plagi ya Nne na Chupa ya Mafuta

Akina mama zaidi ya mmoja wametuletea suali juu ya magari madogo ya rimoti yaendayo kwa mafuta ya nitro, ambayo vijana huletewa na ami na wajomba zao walioko Arabuni. Gari liliwaka kwa siku chache, kisha likagoma. Kijana sasa aomba fedha za plagi ya nne, na mama hajui kama adanganywa au la.

Aghlabu hadanganywi, kwani plagi ile hufa kweli. Lakini inafaa mama ajue ni kitu gani anachokinunulia. Plagi ya pikipiki hutoa cheche kwa umeme kila injini inapozunguka. Hii haina cheche. Ndani yake mna waya mwembamba uliosokotwa kama springi, wenye madini ya platini. Wakati wa kuwasha, waya hutiwa moto kwa betri ndogo ya volti 1.5, atakayeuunganisha na betri ya gari ya volti 12 atauunguza papo hapo. Injini ikishanguruma betri huondolewa, na waya huendelea kuwa mwekundu wenyewe, kwa kuwa methanoli iliyomo katika mafuta yale huzua joto inapokutana na platini, na mwako wenyewe huongeza. Ndiyo maana petroli ya kituoni haifai hata tone. Haina tabia hiyo mbele ya platini, wala haina ndani yake mafuta ya kulainisha ambayo injini hizi huyategemea.

Plagi huuzwa kwa daraja: ya moto, ya wastani na ya baridi. Maana yake ni kadiri ya joto ambalo waya hulihifadhi. Injini ndogo, mafuta yenye nitro kidogo na hali ya hewa ya baridi hutaka plagi ya moto. Injini kubwa, nitro nyingi na jua kali hutaka ya baridi. Kwa joto letu la pwani, hasa msimu wa kaskazi, sisi tungeanza na ya wastani, isipokuwa kijitabu cha injini kimesema vingine. Injini ikizimika kila betri inapoondolewa, huenda plagi ni ya baridi mno. Ikitatarika na kuchemka upesi, huenda ni ya moto mno. Kisha kuna umbo. Plagi ya kawaida hukaa juu ya washa ya shaba, na ile iitwayo tabo ina kitako kilichochongoka kisichohitaji washa. Moja haiingii mahali pa nyingine, na anayelazimisha huharibu kichwa cha injini. Kijana aende dukani na ile ya zamani mkononi.

Hata hivyo, plagi tatu kufa mfululizo si jambo la plagi peke yake. Mara nyingi ni skrubu ya kabureta. Ukiizungusha kuelekea kulia, mafuta hupungua na hewa huzidi; gari hukimbia kwa kasi na sauti yake huwa kali, nayo sauti hiyo vijana huipenda mno. Lakini mafuta yale ndiyo yanayobeba ulainisho, basi yakipungua injini hukauka, huchemka, na waya wa plagi hupinda au kukatika. Dalili ya salama ni moshi: gari likikimbia liache nyuma yake mstari mwembamba wa moshi wa buluu. Usipoonekana, skrubu irudishwe kushoto kidogo kidogo, si zaidi ya thumuni ya mzunguko kwa mara moja. Injini mpya iendeshwe kwa mafuta mengi na mwendo wa pole kwa matangi kadhaa ya mwanzo, na ipumzishwe ipoe baina yake.

Hapa kwetu kuna mchanga na chumvi pia. Sponji ya chujio la hewa ioshwe na kupakwa mafuta yake, kwani mchanga ukiingia hula pistoni na silinda. Na mchezo ukiisha, tangi litolewe mafuta yote, injini iwashwe mpaka izimike yenyewe, kisha yatiwe matone machache ya mafuta ya kuhifadhia katika tundu la plagi na katika kabureta, na izungushwe mara kadhaa. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na ikiachwa ndani usiku mmoja tu, kutu huanza kwenye beringi.

Kuhusu mafuta yenyewe, wako walioshughulika kuuliza kama ni jamii ya kileo. Sisi twaona linalotangulia ni kwamba ni sumu. Funda moja la methanoli laweza kumpofua mtoto au kumuua, na dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi huku mtoto akicheza kama kawaida. Akionja, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa, wala asitapishwe. Mafuta hayo yasihamishiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Yakae katika chombo chake, kifuniko kimekazwa, mahali palipofungwa kwa ufunguo, mbali na jiko. Ndimi za moto wake hazionekani vizuri mchana, basi tangi lisijazwe injini ikiwa ingali moto, wala gari lisiwashwe ndani ya nyumba. Na ami anayekuja likizo asiombwe kuyaleta sandukuni. Hayaruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege.

Ama fedha za plagi ya nne, mpeni, kwa sharti kwanza aifungue ile ya tatu mbele yenu awaonyeshe waya wake. Ukiwa umepinda au umekatika, mwambieni arudishe skrubu kushoto kabla hajatoka kwenda dukani.