Picha Elfu Nne Kwenye Simu, na Hakuna ya Kuweka Mbele ya Jeneza



Katika misiba ya siku hizi kuna kazi ambayo babu zetu hawakuijua: kutafuta picha ya marehemu. Jeneza limeshanunuliwa, kaburi linachimbwa, paroko ameshapewa taarifa, na vijana wawili wamekaa pembeni wakipekua simu. Simu ya marehemu mwenyewe ipo na imejaa picha, ila imefungwa kwa namba ya siri aliyoondoka nayo. Mwishowe inapatikana picha ya harusi ya mpwa wake, yeye akiwa safu ya tatu, shavu moja limezibwa na kofia ya mtu. Inakatwa, inatumwa kwa WhatsApp, inakuzwa stationeri, na inafika kanisani uso umegeuka vigae. Familia nyingine hukimbilia picha ya kitambulisho cha taifa, ambayo mwenyewe hakuipenda hata siku moja alipokuwa hai.

Na mara nyingi katika sebule hiyohiyo ya msiba, ukutani, inaning'inia picha ya mama yake marehemu, imepigwa studio miaka ya sabini, nyeusi na nyeupe. Macho yanaonekana. Hata mshono wa gauni unaonekana. Ukiigeuza nyuma kuna jina, mahali na mwaka, kwa kalamu ya wino.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa bora. Zamani wengi walizikwa bila kuacha picha hata moja, na leo hata bibi wa kijijini anazo mamia kwenye simu za wajukuu. Ninalosema ni kwamba kupiga picha ni kazi moja na kuitunza ni kazi nyingine, na hiyo ya pili majumbani mwetu na parokiani kwetu haina mwenyewe.

Kila nyumba inazijua vurugu zake. King'amuzi kinaandika hakuna mawimbi siku ya fainali. Televisheni mpya inadai nywila ambayo aliyeiweka ameshahamia mkoa mwingine. Kompyuta inaamua kujisasisha dakika tano kabla ya kuchapa ratiba ya Misa. Mtoto anashikwa kichwani, maji yanamwagwa, na simu ya mjomba inasema nafasi imejaa. Mjomba kwa haraka anafuta video tatu za zamani bila kuzitazama, apate kurekodi hii. Hayo tunayacheka tukishakula. Lile la mjomba lakini si la kuchekwa, maana hakuna atakayejua kamwe ni nini alichokifuta.

Tena vifaa vyenyewe vina ubaya wa kimyakimya ambao wauzaji hawausemi. Flashi na memori kadi huhifadhi mambo yetu kwa chaji ndogo sana za umeme zilizofungiwa ndani yake, na chaji hizo huvuja polepole. Flashi iliyowekwa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa popote inaweza kufunguliwa ikakutwa na mapengo. CD ile tuliyochomewa na mpiga video imeandikwa juu ya rangi, na rangi hupauka kwa joto na jua, hasa ikikaa kwenye dashibodi ya gari. Diski kubwa ya kompyuta ina sahani inayozunguka kwa kasi. Ikianguka ikiwa inafanya kazi, mara nyingi safari yake imeishia hapo.

Halafu kuna memori kadi za bandia. Kadi inauzwa kwa bei ya kupendeza, imeandikwa GB 64, na ukiichomeka simu inakubali kwamba ni 64, kwa sababu imefundishwa kudanganya. Ndani ina 8. Zile 8 zikijaa inaendelea kupokea picha bila kulalamika, inaziandika juu ya nyingine au inazitupa. Majina ya faili unayaona yote, na ukifungua hakuna kitu. Dawa yake ni kuijaza yote kwa video usizozihitaji siku unayoinunua, kisha uzifungue moja moja, hasa zile za mwisho. Ni kazi ya kuchosha, lakini ifanyike kabla kadi hiyo haijabeba harusi ya mtu.

Simu janja za sasa nazo hufunga vilivyomo kwa ufumbo. Ukisahau namba ya siri, fundi atakuambia dawa ni kuiflashi, naye anasema kweli: simu itafunguka, ikiwa tupu kama ilivyotoka dukani. Nimewasikia akina mama wakimlaumu fundi kwa kufuta sauti za waume zao. Fundi kafanya alichoombwa, yaani simu itumike. Hakuna aliyemweleza kwamba kilichotakiwa kilikuwa ile sauti.

Sauti ndiyo inayonisumbua zaidi. Katika parokia niliyofanyia mwaka wa kichungaji kuna kabati sakristia, na chini yake katoni ya kaseti za kwaya zilizorekodiwa miaka ya tisini. Kila moja ina karatasi ndani: majina ya nyimbo, tarehe, aliyeimba ubeti wa kwanza, aliyepiga kinanda, kwa mwandiko safi wa mwalimu wa kwaya. Mmoja wa waimbaji hao ni katekista aliyekwisha kufariki, na watoto wake bado wanasali hapohapo. Juu ya kaseti hizo kuna flashi moja imeandikwa JUBILEI. Hiyo ni ya juzijuzi tu. Ndani yake mna faili zaidi ya mia mbili, zote zimeitwa kwa namba ambazo kamera ilijiwekea yenyewe, na karibu theluthi yake hazifunguki. Mpiga video aliulizwa kama anazo za asili. Alijibu kistaarabu kabisa kwamba alizifuta, alihitaji nafasi kwa kazi nyingine, na parokia haikuwa imemwambia azitunze. Sasa hapo tunajua kaseti zina nini na hatuna cha kuzipigia, na flashi tuna cha kuichomeka lakini hatujui ina nini.

Nilipoeleza jambo hili mezani, frateri mwenzangu mmoja alinijibu kwamba huko ni kushikamana na vitu vya dunia. Marehemu tunawakumbuka altareni, inatosha. Ni jibu la kichaji na limeniweka nikiwaza. Lakini sidhani kwamba mjane anayetaka kusikia tena mumewe akimwita kwa jina ameshikamana na simu. Na Kanisa lenyewe katika mambo ya kutunza kumbukumbu halijawahi kuwa na uzembe wa namna hiyo. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaagiza maparoko kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 535, inadai kila parokia iwe na vitabu vya wabatizwa, vya ndoa na vya wafu, vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu, na askofu au mjumbe wake avikague anapofanya ziara. Kanuni ya 491 inataka orodha ya nyaraka za makanisa iwe katika nakala mbili, moja ibaki kanisani na nyingine iende jimboni. Nakala mbili, mahali pawili, na mtu wa kukagua: hivyo ndivyo mtaalamu yeyote wa kompyuta angekushauri leo, na angekutoza fedha.

Kila anayejiandaa kwa ushemasi analijua hili kwa miguu yake. Unatakiwa cheti cha ubatizo na cha kipaimara, unakwenda parokia uliyobatizwa, katibu anafungua kitabu kikubwa chenye vumbi, anapitisha kidole, na upo. Aliyekuandika huenda ameshafariki. Hakuna umeme uliohitajika, wala nywila.

Wataalamu wenyewe walipata somo kama hilo huko Uingereza. Mwaka 1086, kwa agizo la Mfalme William aliyeiteka nchi hiyo, mashamba na mali vilihesabiwa, na matokeo yakaandikwa kwenye ngozi katika kitabu kinachojulikana kama Domesday Book. Mwaka 1986, ilipotimia miaka 900, shirika la BBC liliandaa toleo jipya la kielektroniki. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao wanafunzi, wakaandika habari za maisha ya kwao na kupiga picha. Vyote viliwekwa kwenye diski maalumu za leza zilizohitaji kompyuta na mashine ya aina moja tu. Haikupita miaka ishirini, mashine zinazoweza kuzisoma zilikuwa zimebaki chache mno, na ilibidi wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wafanye kazi maalumu ya kuzinusuru. Kitabu cha ngozi kipo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, London, na kinasomeka.

Nikifika hapa vijana huniambia, frateri, weka kwenye wingu. Sawa, lakini wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, yenye masharti yake. Google ilikuwa ikihifadhi picha bila kikomo na bila malipo, mpaka tarehe 1 Juni 2021; tangu hapo picha mpya zinahesabiwa ndani ya GB 15, pamoja na barua pepe zako. Tangu Desemba 2023 akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na akaunti ya marehemu nani ataigusa? Mwaka 2019 mtandao wa Myspace ulikiri kwamba muziki uliopakiwa na watumiaji wake kwa miaka zaidi ya kumi ulipotea walipokuwa wakihamisha mitambo. Ilitajwa idadi ya nyimbo zaidi ya milioni 50. Baadaye zikapatikana kama 490,000, kwa kuwa kikundi cha watafiti kilikuwa kimezinakili kwa shughuli zake. Wingu litumike kama nakala mojawapo. Linapokuwa nakala pekee, nalo ni kama flashi, tofauti ni kwamba huwezi kulishika.

Basi nini kifanyike? Nyumbani, mimi ningeanza na karatasi. Kila mwaka, labda wakati wa Noeli familia inapokutana, zichaguliwe picha ishirini tu kati ya hizo elfu nne, zichapwe, na bibi aulizwe majina yaandikwe nyuma. Kuchagua ndiko kunakochosha, na ndiyo sababu hakuna anayefanya. Namba ya siri ya simu iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, akabidhiwe mtu mmoja anayeaminika. Google na Apple zote zina sehemu ya kumtaja mtu atakayeruhusiwa kuchukua vilivyomo mwenye akaunti akifariki. Ni wachache sana kati yetu walioifungua.

Parokiani kazi iko kwenye makubaliano na wapiga video. Halmashauri huwa makini sana kuhusu idadi ya kamera na kama droni itaruka juu ya kanisa, lakini haijadili faili zitakaa wapi. Iandikwe tu kwamba malipo ya mwisho yatatolewa faili za asili zikishanakiliwa kwenye diski mbili za parokia, na zikishafunguliwa mbele ya katibu. Diski moja ikae ofisini, nyingine nyumba ya mapadre au jimboni. Kila faili ipewe jina la tukio na tarehe, na liwepo daftari, la karatasi, la kueleza nani ni nani. Na awepo mtu mmoja mwenye jina anayewajibika, atakayezichomeka angalau mara moja kwa mwaka aone kama zinafunguka, na kuzihamishia kwenye kifaa kipya kabla cha zamani hakijachoka. Isiwe "vijana wa VIWAWA watashughulikia". Vijana huoa, husafiri, huja seminari.

Wala sisemi kila kitu kitunzwe. Simu ya padre, kwa mfano, hupokea usiku wa manane mambo ambayo mtu alimweleza yeye peke yake, na hayo yafutwe mapema, tena yeye mwenyewe ayafute. Kuna ujumbe wa sauti wa ugomvi wa mirathi ambao ni heri ufe na simu yake. Mtunzaji mzuri hutupa pia. Kitabu cha ubatizo kinatumika mpaka leo kwa sababu aliyekiandika hakujaza ndani yake mazungumzo ya nje ya kanisa.

Zile kaseti za kwaya bado zipo kwenye katoni yake. Tulizijaribu kwenye redio ya jirani ikatafuna utepe wa moja, tukaurudisha kwa kalamu, salama, tukaacha. Mwalimu wa kwaya wa sasa anayo kompyuta na waya wa kurekodia. Kinachokosekana ni redio ya kaseti inayozunguka vizuri na ambayo kichwa chake hakijachakaa. Msomaji mwenye nayo, hata kama haina mfuniko wala erio, atuazime kwa wiki mbili kupitia ofisi ya seminari; tutaifuata wenyewe.