Masaa Matatu Yanapoitwa Saa Moja

Kuna hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne angeikataa, lakini maprofesa wazima huitia sahihi kila muhula. Inaitwa mzigo wa kufundisha. Kanuni yake ni ya zamani katika vyuo vikuu vyetu vya umma: mhadhara wa saa moja ni saa moja, semina ya masaa mawili ni saa moja, na kazi ya maabara ya masaa matatu ni saa moja vilevile.

Watetezi wa kanuni hii husema mhadhara una maandalizi mengi kuliko maabara. Haya, tuseme ni kweli. Lakini mwenzangu anayefundisha mambo ya uvuvi hapa Kisumu anapowapeleka wanafunzi Dunga kupima maji ya ziwa, ni yeye anayetafuta mashua, ni yeye anayebeba chupa, na ni yeye anayehesabu vichwa wakati wa kushuka. Magugu maji yakifunga ufuo, zoezi la masaa matatu linakula siku nzima. Kwenye fomu? Saa moja. Hebu mwambie mama anayeuza omena pale ufuoni kwamba gorogoro tatu zihesabiwe moja. Atakucheka, kisha atakufukuza.

Na bado sijagusa ubaya mkubwa zaidi: fomu inahesabu darasa, haihesabu watu. Mimi hufundisha Kiswahili. Chukua darasa la wanafunzi 40 na lingine la wanafunzi 300, kila karatasi ya mtihani isahihishwe kwa dakika 15 tu. La kwanza ni masaa 10. La pili ni masaa 75, karibu wiki mbili za kazi bila kufanya lolote lingine. Yote mawili yanaandikwa yuniti moja. Sasa wewe ungefanyaje? Utasahihisha mbiombio. Utaacha insha, uweke maswali ya kuchagua jibu. Ama karatasi zitakaa kwenye gunia chini ya meza mpaka nyingine zipotee.

Ndiyo maana nasema alama zinazopotea, lile janga linalomnyima kijana joho wakati mamake ameshaalika kijiji kizima, hazitokani na uvivu wa wahadhiri peke yake. Zinaanzia kwenye fomu.

Najua jibu lililo tayari: "Si nyinyi ndio mnarukaruka kutoka chuo hiki hadi kile mkitafuta vibarua?" Wapo, na wanatuaibisha. Lakini fomu hii ndiyo maficho yao. Mwenye yuniti nne za wanafunzi 15 anaonekana sawasawa na mwenye yuniti nne za wanafunzi 300, na muda unaobaki anapanda matatu kwenda kufundisha kwingine. Hesabu ya kweli ingemuumbua.

Sisi wahadhiri pia tujiulize. Mgomo wa 2025 ulichukua siku 49, ukaisha Novemba, na kiini chake kilikuwa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017–2021. Tulikuwa na haki ya kuzidai, kila senti. Lakini pesa zikilipwa na fomu ikabaki ilivyo, gunia pia litabaki chini ya meza.

Ninachotaka si muujiza. Saa ya maabara ihesabiwe saa. Idadi ya wanafunzi iingie kwenye hesabu, pamoja na tasnifu tunazosimamia. Darasa likifurika, ligawanywe, ama aajiriwe msaidizi anayelipwa kwa wakati, si kibarua wa kusubiri malipo muhula baada ya muhula. Na mizigo yetu yote ibandikwe mlangoni mwa idara, wanafunzi wenyewe waisome.

Wakubwa watasema hakuna pesa. Sawa, waseme hivyo waziwazi. Chuo kisichoweza kulipa masaa matatu kiandike kwamba kinadaiwa mawili. Kuandika saa moja ni uongo, na mimi sioni kwa nini niutie sahihi.