Kompyuta ya Darsa: Amana Mbili, Mfuko Mmoja



Misikiti mingi ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, sasa inarekodi darsa, khutba na mashindano ya Kur'ani kwa simu za mkononi. Kurekodi si kazi ngumu tena. Ugumu huanza baadaye: darsa za miezi kadhaa zimo ndani ya simu ya kijana mmoja, simu imejaa, naye anafuta ya wiki iliyopita ili apate nafasi ya wiki hii. Hapo ndipo kamati inapoombwa kompyuta ya kuhariri video, na hapo ndipo wazee wanapouliza swali la haki: je, fedha hii isingefaa zaidi kwenye tangi la maji ya udhu au mabusati ya madrasa?

Swali hilo hatulipuuzi. Shilingi iliyomo katika sanduku la Ijumaa imetoka kwa mama anayeuza vitumbua na kwa kijana wa bodaboda. Ni amana, na aya ya 58 ya Suratun-Nisaa imeliweka suala la amana katika daraja ya amri. Lakini sauti ya sheikh nayo ni amana. Mwalimu mtu mzima akiisomesha tafsiri kwa miaka mitatu kisha akatangulia mbele ya haki, hakuna mchango utakaolirudisha somo lililofutwa. Tumekwisha kuziona kanda za mawaidha za zama za kaseti zikiharibika kwa ukungu na joto la pwani ndani ya makabati yetu.

Basi amana ni mbili na mfuko ni mmoja. Rai yetu ni kwamba zote mbili zinaweza kutunzwa iwapo kompyuta ya mezani itaungwa kipande kwa kipande, tukitanguliza kinachoilinda kazi na kuakhirisha kinachopendeza macho. Kompyuta ya namna hiyo ina fadhila ya pili: kipande kikifa, hubadilishwa hicho peke yake, ilhali katika kompyuta mpakato nyingi vipande muhimu vimeshikizwa pamoja visibadilishike.

Kwanza tuihesabu kazi yenyewe. Video ya simu iliyorekodiwa kwa kasi ya megabiti 17 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 130 kwa dakika, yaani karibu gigabaiti 8 kwa saa. Darsa moja ya saa moja kila wiki ni gigabaiti 400 kwa mwaka. Tukiongeza saa moja kila siku ya Ramadhani, tunafika gigabaiti 630 hivi. Kwa hiyo diski ya terabaiti 2 inatosha miaka mitatu. Hesabu hii ndiyo inayotuambia tununue nini, si tangazo la muuzaji.

Bei za Kariakoo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo tunataja mafungu. Kwa msikiti ambao tayari una kioo, katika kila shilingi 100 tunapendekeza 35 ziende kwenye prosesa na bodi kuu, 25 kwenye diski, 15 kwenye RAM, 15 kwenye pawasaplai na kasha, na 10 kwenye UPS.

Prosesa yenye viini 6 yatosha kwa darsa ya kamera moja au mbili. Tahadhari ni moja: prosesa za Intel ambazo namba yake inaishia kwa herufi F hazina sehemu ya picha ndani yake. Bei yake huwa chini kidogo, lakini humlazimu mnunuzi kununua kadi ya picha kando. Isiyo na herufi hiyo, kwa kawaida, huonesha picha yenyewe na pia husaidia kufungua video za simu kwa wepesi, hivyo kadi ya picha inaweza kusubiri mwaka mwingine. RAM isipungue gigabaiti 16, na bodi iwe na nafasi ya kuongeza.

Diski ziwe tatu. SSD ya gigabaiti 500 ni ya mfumo na ya kazi inayoendelea. Kisha diski mbili za kawaida za terabaiti 2: moja ikae ndani ya kompyuta, ya pili iwe na nakala ileile na ikae nyumbani kwa mjumbe mwingine, kwa sababu moto, mafuriko na mwizi haviwezi kufika nyumba mbili kwa urahisi. Sokoni zimo diski bandia zinazodai ukubwa zisio nao. Zijazwe na kujaribiwa mpaka mwisho kabla ya dhamana kuisha.

Pawasaplai isiyo na jina ndiyo inayoua kompyuta nyingi, nayo UPS haihitaji kuwa kubwa. Kazi yake ni kutupa dakika kumi za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika. Taa za rangi ndani ya kasha hazihariri darsa.

Wapo watakaosema kompyuta za ofisi zilizotumika ni nafuu zaidi. Ni kweli, na kwa msikiti mdogo ni mwanzo mzuri. Ila microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 huhitaji kizazi cha nane au zaidi. Vilevile, yale makasha membamba ya ofisi aghalabu yana pawasaplai ya umbo lake pekee, isiyopatikana kirahisi ikiungua.

Programu nazo zina hukumu yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait, Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Nchini kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Haipendezi darsa ya halali na haramu ihaririwe kwa programu iliyovunjwa kufuli. Tena hatuna dharura: Kdenlive na Shotcut hutolewa bure kabisa, na DaVinci Resolve ina toleo la bure, ingawa hilo hudai kadi ya picha yenye nguvu. Kompyuta ikilemewa, programu hizi zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za video kwa ajili ya kuhariri, kisha zikatumia video halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Mbinu hiyo peke yake huokoa fedha nyingi.

Katika ununuzi, kamati ichukue bei za maduka matatu, idai risiti ya EFD, iandike namba ya kila kipande, na ibandike hesabu kwenye ubao wa matangazo. Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah imetufundisha kuandika na kushuhudisha. Mkopo wenye riba usikaribiwe, hata ukiitwa jina jingine. Ni bora kununua SSD mwezi huu na RAM mwezi ujao.

Wazazi wenye kijana, wa kiume au wa kike, anayetaka kujitafutia riziki kwa kuhariri video za harusi na mahafali, mpango huuhuu unawafaa. Akae naye fundi siku ya kuunga, ajue kila waya unakwenda wapi. Elimu hiyo itamlipa zaidi ya mashine yenyewe.

Tunarejea kwa wazee wetu. Ikiwa msikiti hauna maji ya udhu, tangi litangulie, na kompyuta ingoje. Lakini diski isingoje. Diski moja ya nje ni sehemu ndogo ya gharama yote, nayo inaweza kupokea wiki hii kila kilichomo katika simu za vijana wetu. Kuhariri kunaweza kufanyika mwakani; kilichofutwa hakihaririwi.

Wabillahi tawfiq.